Glasi ya Zabuloni Ilivyomnyang'anya Mtoto Wangu Jina

Mama mkwe alikuja saa nne asubuhi na mashangazi wawili wa mume wangu. Hakusalimia. Alisimama mlangoni akamnyooshea kidole binti yangu wa miezi kumi, aliyekuwa anatambaa kwenye mkeka.

"Jina ya mama yangu irudi kwetu," alisema. "Kuanzia leo muntu asimuite tena Mangaza. Muiteni vile munapenda. Hata Glasi!"

Mashangazi wakacheka. Walicheka, ndugu zangu!

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anavaa viatu. Hakuwa amelewa, na hilo ndilo lililoniua... Asubuhi ile hakuwa amekunywa hata tone, na alijua kabisa kwamba mtoto ni wake. Akaendelea kufunga kamba za viatu.

Sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ilikuwa motoni. Niliishika kwa kitambaa nikaimwaga mlangoni, mbele ya miguu ya mama mkwe. Nikamwambia kuna sufuria nyingine ya maji yanayochemka, na hiyo sitaimwaga chini. Walikimbia wote watatu, sandali zao zikabaki kwenye sombe.

Uvumilivu wangu uliishia pale.

Niko na miaka ishirini na tatu. Nilimaliza sekondari hapa mjini Baraka, diploma yangu ninayo, na haya nayaandika bila kumpaka mtu mafuta. Hata mimi mwenyewe sitajipaka. Kwa sababu yule mlevi aliyevunja nyumba yangu, nilimtunga mimi!

Mume wangu anaitwa Wilondja. Sauti yake ni nzito, ukiisikia unadhani ni mtu wa maana. Redio moja ya hapa ilitafuta mchezo wa kila Jumamosi alasiri. Mimi nikaandika, yeye akaigiza. Hivyo ndivyo alivyozaliwa Zabuloni, detektivu wa kujitegemea. Si polisi, hana sare, ni mtu tu ambaye watu wanampelekea siri zao azifumbue.

Mwanzoni nilimwandikia chai. Mkubwa wa redio akasema Zabuloni wa chai analaza watu usingizi. Basi nikampa kanyanga, ile pombe kali ya kuchemsha, na nikampa desturi za kuinywa. Glasi ya kwanza ni kabla ya kuuliza swali. Ya pili ni wakati anadanganywa. Ya tatu anaizungusha, anainusa, ananyamaza... kisha anaimeza yote, anaipindua mezani, ko! Na anasema: "Glasi imeona!" Hapo anamtaja mwenye kosa.

Nilijiona nina akili kushinda kartie nzima, mtaa wote!

Studioni yalikuwa maji ya bomba. Lakini mji ulipenda. Watoto walipindua vikombe vya uji wakilia "Glasi imeona!" Mume wangu hakuitwa tena Wilondja. Sokoni, kanisani, kila mahali, Zabuloni. Na mimi nikawa mke wa Zabuloni. Nilitembea nimeinua shingo, sitaficha.

Kisha mtu akaiba panneau, ile paneli ya umeme wa jua, juu ya paa la Papa Yeremia, mwenye nganda, baa ya karibu na soko. Papa Yeremia hakwenda polisi. Alimwekea mume wangu chupa mezani.

"Zabuloni, hii njo kazi yako."

Wilondja alicheka, akasema yeye anasoma tu karatasi ambazo mke wake anaandika.

"Ee! Kwa redio unajua bote benye kuiba, hapa kwetu haujue? Basi we ni detektivu ya bamama!"

Nganda nzima ilimcheka. Akaomba siku moja. Alirudi nyumbani akaniuliza: Mama Mangaza, wewe unapita kote, umesikia nini?

Hapo, ndugu msomaji, ningenyamaza tu... Mdomo wangu ulikuwa wapi wa kunyamaza?

Nyuma yetu aliishi Mama Sikujua, mjane, muuzaji wa ndakala, dagaa wa ziwani. Wiki ile alikuwa amenitania mbele za watu kwamba natembea kama bibi ya gavana. Iliniuma. Nikamwambia mume wangu kwamba jioni naona mwanga kwa dirisha la Sikujua, na hana umeme wala jenereta. Sikusema ni mwizi. Nilisema mwanga tu. Lakini nilijua ninachofanya.

Kesho yake Wilondja alikunywa zake tatu, za kweli sasa, akapindua glasi. "Glasi imeona! Nani anawaka na hana moto?"

Watu walikwenda kwa Mama Sikujua mchana kweupe. Walivunja mlango, wakamwaga beseni la ndakala kwenye matope, wakazikanyaga. Walikuta nini? Toshi! Toshi ndogo ambayo kaka yake alimletea. Mwanamke mmoja akasema panneau ameshaiuza, wote wakakubali. Mama Sikujua alipakia watoto wake watatu juu ya lori akaenda Lulimba. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uzio, mtoto mgongoni, natazama. Na nilicheka. Naandika hilo pia, nilicheka.

Wiki mbili baadaye panneau ilionekana Misisi, juu ya nyumba ya shemeji wa Papa Yeremia mwenyewe. Papa Yeremia alikuja kutunong'oneza, akatuomba tusiseme. Tukanyamaza, sisi watatu.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyesubiri Jumamosi. Mbuzi akipotea, wanaleta chupa. Mke akichelewa kisimani, wanaleta chupa. Kila kesi glasi tatu, na siku nyingine kesi zilikuwa tano. Mume wangu alinywa kwa ufundi ule ule nilioandika: hanywi amesimama, anafuta ukingo kwa kidole gumba, ananusa kwanza. Nilikuwa natazama karatasi zangu zikitembea na miguu! Mikono yake ilianza kutetemeka hata kabla ya chai. Aliacha kumbeba mtoto, aliogopa kumwangusha.

Na mimi? Kila jioni nilimpa maneno ya sokoni. Nani amegombana na nani, nani amenunua kitenge kipya. Yeye alileta glasi, mimi nilileta majina.

Kisha ikaja Jumapili ya chakula kwa mama mkwe, baada ya ibada. Binamu wa mume wangu alikuwa amekuja na chupa. Binti yangu alikuwa kwenye mapaja yangu anatafuna ugali. Binamu akamtazama, akacheka.

"Zabuloni, hii pua mutoto aliitoa wapi? Haiko ya kwetu!"

Mchezo tu, sivyo? Wote walicheka, hata mimi. Mume wangu alikuwa tayari na ya tatu mkononi. Akaizungusha. Akainusa. Meza ikanyamaza, na mimi nikaona macho yake, jinsi yanavyopenda kimya kile... Akameza. Ko!

"Glasi imeona! Baba yake hayuko hapa kwa meza."

Na yeye mwenyewe amekaa pale, sahani ya samaki mbele yake!

Walipiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Alianza kuhesabu miezi kwa vidole, kwa sababu mwaka niliposhika mimba Wilondja alikuwa anakwenda na kurudi Misisi kuchimba dhahabu. Nilisema: Papa Mangaza, waambie ni mchezo. Alitabasamu.

Jumatatu asubuhi, akiwa hajanywa, nilipiga magoti. Nilimwomba arudi kwa mama yake aseme glasi ilikosea. Nisikilizeni vizuri, maana jibu lake bado linachoma.

"Ninajua ni wangu," alisema. "Lakini nikisema glasi imekosea mara moja, batauliza na ya Sikujua. Bandugu zake batarudi na mapanga. Kila mutu nilitaja atarudi. Unataka banikate juu ya jina?"

Juu ya jina!

Kwa wakwe zangu jina la marehemu ni damu. Mangaza alikuwa nyanya wa mume wangu. Mtoto aliyebeba jina hilo ana baba, ana ukoo, ana mahali pa kuzikwa. Akinyang'anywa, ni mtoto wa njiani. Na Wilondja alikuwa hajakwenda bado kumwandikisha kwenye biro ya état civil, wanakoandika vizazi. Kila siku alisema kesho. Baada ya Jumapili ile hakusema tena hata kesho. Wiki tatu baadaye mama yake alikuja mlangoni, na yale ya sombe mmeshayasoma.

Siku hiyo hiyo nilibeba nguo za mtoto na ile glasi yake ya kupindua, iliyokuwa dirishani, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Lulimba. Nilimkuta Mama Sikujua shambani anapalilia mihogo. Amekonda. Nilimweleza yote, toka kwa mwanga hadi kwa kicheko. Nilimwomba msamaha, tena nikamwomba awe shahidi wangu.

Alipalilia mpaka mwisho wa mstari. Kisha akaniangalia.

"Enda uulize glasi kama nimekusamehe."

Akarudi kwenye mihogo yake. Mtoto wangu alilia kiu, na hakutoa hata maji. Sina la kumlaumu!

Bamama wenzangu, mnaonisoma mkiwa na waume wanaopigiwa makofi. Msimpe mlevi maneno. Msicheke wakati mkono wake unamwelekea jirani, hata kama jirani huyo alikuudhi. Nilidhani glasi ile ina mdomo upande mmoja tu. Kumbe ilikuwa inazunguka meza, na mimi nilikuwa nimekaa mezani, na mtoto wangu mapajani.

Nilikwenda Fizi, kwenye tribunali, mahakama yetu. Karani alisoma karatasi yangu mara mbili.

"Huyu Zabuloni iko muntu?"

"Hapana, papa. Ni mimi njo nilimuandika."

"Sasa unashitaki muntu ambaye haiko?"

"Jina ya mutoto wangu, ni yeye aliikamata. Mwenye kumuazima mudomo iko, anaitwa Wilondja. Piga muhuri."

Akapiga. Hii ndiyo karatasi yenyewe, neno kwa neno:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Tribunali, Fizi. Mimi, Riziki, mkaaji wa Baraka, ninamshitaki Wilondja, mume wangu, anayejiita Zabuloni, kwa kumkana binti yake mbele ya watu huku akijua ni damu yake. Ninaomba aitwe saa ya asubuhi, kabla hajanywa, na wale wote waliokula kwenye meza ile waitwe pia, na aseme mbele yao mtoto ni wa nani. Ninaomba mtoto aandikwe kwa jina alilopewa. Ninaomba vilevile iandikwe kwamba Mama Sikujua, muuzaji wa ndakala, hakuiba kitu. Aliyeleta jina lake kwa glasi ni mimi, na kwa hilo ninajishitaki mwenyewe katika karatasi hii hii. Hakuna aliyenilazimisha. Kitu ninachoacha hapa pamoja na lalamiko: glasi moja ndogo, haikuoshwa. Nimetia sahihi: Riziki, mama ya Mangaza."