Kompyuta Iliyohesabu Pumzi

Bernadette aliingia jikoni peke yake, na ile kompyuta ya plastiki juu ya meza ikaonyesha mbili.

Kilikuwa kichezeo cha Krismasi cha mdogo wake, Teddy. Hakina umeme wala betri. Unavalisha mirija midogo kwenye vipini vyake ili kukiambia kihesabu kwenda juu au kwenda chini, unasukuma mkono wake, vibao vyekundu vinateleza, na vidirisha vitatu vinasoma sifuri au moja. Thamani zao ni nne, mbili na moja, kwa hiyo sifuri, moja, sifuri ni mbili. Hakuna aliyekisukuma. Na nyuma ya jokofu palinuka njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi.

"Baba, inahesabu watu waliomo chumbani," alisema mezani.

"Usiiguse. Ni ya Teddy."

Kwenye boksi palichorwa mvulana mwenye miwani, na kwa Baba, Casimir Dombrowski, fundi wa mabomba wa New Jersey, mchoro ulitosha kuwa sheria. Kwamba Teddy hakuweza kuipanga ihesabu hata hadi tatu, kwamba dada yake ndiye aliyempangia kwa siri, nani aliuliza?

Jumamosi mchana Baba akawashusha wote kwenye chumba cha zege alichojenga chini ya nyumba kwa ajili ya mabomu ya Warusi. Zoezi la nusu saa tu. Teddy alishuka na kompyuta yake kifuani. Mlango wa chuma ukafungwa, zoezi likaisha, mlango ukakataa kufunguka.

"Komeo nimelitoa," Baba alinong'ona. "Umegoma tu."

"Cas, na bomba la hewa?" aliuliza Mama. "Mbona halivumi?"

Vidirisha vikasoma tano. Walikuwa wanne. Wakatega sikio, na kutoka kona ya makopo ya supu wakasikia pumzi ya tano.

"Ikifika sifuri nitafungua," ilisema sauti kutoka kona ile, kwa upole.

"Basi tuhesabu kwenda chini, kama kombora," alisema Baba. Mirija ilikuwa imeshapangwa hivyo.

"Baba, subiri, hajasema anampunguza nani."

"Bernie, wakubwa wanafanya kazi."

Akasukuma. Nne. Pumzi moja ikakatika, na haikuwa ile ya kona. Teddy aliteleza ukutani, midomo imegeuka buluu.

Bernadette aliinyakua kompyuta, akahamisha mirija, akasukuma kwenda juu. Tano. Teddy akakohoa, akavuta hewa.

"Sifuri ni sisi wote maiti," alisema Bernadette. "Tuhesabu kwenda juu."

"Uwaongeze mashetani humu? Una wazimu?"

"Ina vidirisha vitatu tu, Baba. Mwisho wake saba. Nane haiijui, itarudi sifuri yenyewe, bila kumpunguza mtu."

Baba alimtazama Teddy. Teddy, miaka tisa, akatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo hoja ikawa hoja.

Bernadette akasukuma, sita, na pumzi nyingine ikaanza nyuma ya shingo ya Mama, akasukuma, saba, na chumba kikajaa joto la miili isiyoonekana, ile harufu ya kiberiti ikiwakaba koo, bega lisilo la mtu likimbana ukutani, kidole kisicho cha mtu kikipita juu ya vidole vyake kana kwamba nacho kinataka kusaidia, akasukuma.

Sifuri, sifuri, sifuri. Mlango ukafunguka.

Walipanda ngazi wakikanyagana, kompyuta wakaiacha sakafuni. Jikoni Baba alimpiga Teddy begani. "Kijana wangu."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa na jirani yao, Bi Halloran, mwenye bakuli la saladi ya viazi.

"Irene?"

"Niko hapa, shoga, usiniulize," alisema Mama.

Bi Halloran alifunga mlango, akampita. "Irene? Hawa watu, jiko linawaka na ndani hakuna mtu."

Baba alishika mpini wa mlango wa nyuma. Haukuzunguka. "Bernie," alisema, kwa mara ya kwanza akiuliza, "tufanye nini?"

Chini, mkono wa kompyuta ulisukumwa. Moja. Ukasukumwa tena, na tena, na tena. Nne. Bernadette alihesabu waliobaki kule: wa kwanza, na watatu aliowaita mwenyewe.

Nyayo zikapanda ngazi.

"Kumbe mlikuwa chini," alisema Bi Halloran, akiwatabasamia wanne waliotokea, wenye sura zao. "Irene, mbona umepauka hivyo?"

Bernadette alipiga kelele sikioni mwake, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Bi Halloran akajikuna sikio kama mtu aliyeguswa na inzi, kisha akawauliza wale wanne kama wameshakula.