Gofu Lililokuwa Likikaliwa

Mambo haya yalimfika mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, nami niliyashuhudia kwa sababu tu kibanda changu kilitazamana na gereji. Kazi yangu ni kushona viti vya magari. Mshona viti hukaa chini kutwa nzima. Mikono hufanya kazi inayoijua, macho hubaki huru kutazama shughuli za watu.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine zote. Fundi wa gereji, tuliyemwita Nati kwa ufupi wake na kwa jinsi alivyokaza maneno, alikuwa amelala chini ya gari la mteja akijisemea peke yake. Mpwa wangu akaingia na gari aliloachiwa na baba yake: rangi ya maziwa, boneti ndefu, umri wake ukimzidi yeye anayeliendesha.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo umelileta, au limekuleta?"

"Tumeletana," akajibu akicheka. Kicheko hakikudumu. Alisema kwamba akitoka kumchukua binti yake shuleni, katika mteremko mkali unaoshukia darajani, breki zilipata moto na pedali ikawa laini kama matope. "Na Chiriku alikuwa nyuma, Mjomba."

Chiriku ndiye mtoto wake wa pekee. Tulimpa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika.

"Liuze!" Nati alipaza sauti kutoka uvunguni.

"La baba siuzi. Nitengenezee breki nisimame pale ninapotaka kusimama. Mwanangu akipata hata mkwaruzo katika mteremko ule, sitakuwa na uso wa kumtazama mama yake."

Nati akajitoa uvunguni, akafuta mikono, akaonyesha gofu la gari lililoegemea ukuta wa nyuma. Lilikuwa limeletwa juu ya lori, pua imepondeka, injini haipo tena. Lilitoka kiwanda kimoja na gari la mpwa wangu, ila lilikuwa toleo la baadaye: springi nene, shokapu imara, breki za diski mahali pa zile za ngoma.

"Hili na lako ni ndugu, tumbo moja," alisema. "Kila kitu kinaingiliana."

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, na anayejifunza akiwa mzee hulipima kila neno kabla ya kulipitisha. Lile nililipima. Kitu kikiingia ndani ya kingine, njia ni moja. Vikiingiliana, mlango umefunguka pande zote mbili. Nikaona ni mawazo ya uzee, nikavuta uzi, nikaendelea kushona.

Kazi ilifanyika vizuri. Nati alizifungua diski za gofu, akazipangusa kwa kitambaa, akatuita tuzitazame.

"Laini kama sahani mpya. Na pedi nzima kabisa! Mwenye gari hili hakupenda kukanyaga breki."

Tulicheka sote.

Nati alikuwa na desturi yake. Hakuacha gofu lilale kwa tumbo, kwa sababu gari lisilosimama kwa magurudumu halisukumiki, na uwanja wake ulikuwa mdogo. Kila alichokitoa kwenye gari la mpwa wangu, springi za zamani, ngoma za breki, shokapu zilizochoka, alikifunga kwenye gofu. Hata mafuta ya breki aliyatia, akatoa hewa kwenye mabomba, akajaribu pedali mpaka ikashika.

"Ya nini yote hayo kwa maiti?" nikamuuliza.

"Uwanja una mteremko, Mzee. Sitaki siku moja limfuate mteja mpaka kwake."

Mwanzoni mpwa wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyeoa upya. Gari halikuyumba kwenye kona, na ukigusa pedali tu, linasimama. Kila alasiri alipita na Chiriku kunisalimu, na mtoto akaniuliza maswali mpaka sindano ikanipotea mkononi.

Alasiri moja, kabla hawajafika, nilisikia springi ikiguna. Niliinua macho. Gofu lilikuwa likididimia upande wa dereva. Lilishuka taratibu, kama linavyoshuka gari mtu mzima anapoingia na kujiweka sawa kitini. Kisha likashuka nyuma, upande wa kushoto. Kidogo tu.

Kidogo, kama uzito wa mtoto.

Hapakuwa na mtu ndani yake. Baadaye gari la mpwa wangu liliingia getini. Aliposhuka, gofu liliinuka mbele. Chiriku aliporuka kutoka kiti cha nyuma, upande wa kushoto, gofu liliinuka nyuma.

"Babu, mbona unatutazama hivyo?"

"Jua limeniingia machoni, mjukuu wangu."

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na iliyofuata tena. Nikaona kunyamaza sasa ni dhambi. Siku hiyo, mchana kabla ya watoto kutoka shule, nilimwendea Nati nikamnong'oneza. Nilitarajia atanicheka. Hakucheka. Aliushika mkono wangu, akaupeleka kwenye gurudumu la gofu, juu ya ngoma ya breki.

Ilikuwa ya moto.

"Tangu asubuhi mpwa wako alipompeleka mtoto shule, hazijapoa," alisema kwa sauti ya chini. "Kila akitoka, hizi hupata moto. Ananiambia pedali yake siku hizi inazama, halafu inarudi. Nimekagua kila kiungo. Hakuna kinachovuja."

"Gari hili lilimuua nani?"

Alitazama getini kwanza. "Aliyekuwa ndani alishuka akajipangusa vumbi. Aliyezikwa ni yule aliyekuwa amesimama mbele ya gari. Wanasema barabarani hapakuonekana hata alama ya tairi. Hakukanyaga breki, Mzee. Hata kidogo."

Tulikubaliana kwamba mpwa wangu akipita tu, gari halitoki tena. Kila kifaa kitarudi kilikotoka. Nati akapiga simu kumzuia asimchukue mtoto kwa gari lile. Simu iliita. Ikaita. Ikanyamaza.

Nyuma yetu, springi iliguna.

Gofu lilididimia mbele. Likadidimia nyuma, kushoto. Wote wawili walikuwa wamekwisha kupanda.

Tulisimama tukilitazama, wazee wawili mbele ya bati bovu. Kitambo kilipita. Ndipo ngoma zilipolia. Zilibana, zikaachia. Zikabana tena, kwa nguvu, kwa pupa. Moshi mwembamba ukatoka kwenye magurudumu ambayo hayazunguki.

"Yuko mteremkoni," Nati alinong'ona. "Anakanyaga kule. Zinashika hapa."

Akakimbilia barabarani akipiga kelele, kana kwamba sauti ingefika darajani. Mimi nilibaki. Lile neno la Nati, kuingiliana, lilinirudia, na safari hii sikulipuuza. Ikiwa mguu wa kule unafika hapa, mguu wa hapa utafika kule.

Nilifungua mlango wa gofu.

Kiti kilikuwa na joto. Kilikuwa kimebonyea tayari, nami nikakaa ndani ya lile bonyeo. Pua yangu ikajaa harufu ya breki zinazoungua. Nikaweka mguu juu ya pedali, nikakanyaga.

Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Nikashika usukani, nikajivuta, nikakanyaga kwa uzito wangu wote. Haikusogea. Nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, nikasikia sauti ninayoijua.

"Baba, polepole."

Sikugeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Nilijua ni kitupu. "Baba," ikasema tena, sasa ikitetemeka. Nililia. Nilikanyaga. Nguvu za mzee zilikuwa zimekwisha.

Ndipo kitu kikanikanyaga juu ya mguu.

Kizito. Baridi. Kilibonyeza mguu wangu, na mguu wangu ukabonyeza pedali, na pedali ikashuka. Ikashuka yote. Gofu zima likatikisika, kisha likatulia. Sikuthubutu kutazama chini.

Nyuma, springi ikainuka.

Mpwa wangu alifika kwa miguu, mtoto mabegani, jasho limemlowesha shati. Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alikuwa kimya. Gari walikuwa wameliacha darajani, pua yake ikigusa ukuta bila kuukwaruza.

"Pedali ilikufa, Mjomba," alisema. "Nilikanyaga mpaka nikakata tamaa. Nikamrukia mtoto nyuma nimkumbatie. Mguu wangu haukuwa hata karibu na breki. Ndipo liliposimama."

Nilimwambia amshukuru Mungu, nikamwambia asiliguse gari lile tena. Mengine sikuyasema. Jioni ile Nati alivitoa vile vifaa pale pale darajani, akaviponda kwa nyundo, na gofu likapakiwa tena kwenye lori. Sote tukaenda makwetu.

Nilipofika nyumbani nilivua viatu vyangu vya turubai. Juu ya kile cha kulia palikuwa na alama ya mafuta ya breki, unyayo wa mtu mzima asiyevaa kiatu, kila kidole kikionekana wazi. Moyo ulinituma kumshukuru, yeyote aliyekanyaga pamoja nami.

Kisha nikatazama namna alama ilivyokaa. Kisigino kilikuwa kwenye vidole vyangu. Vidole vyake vilielekea kwangu.

Mbele ya pedali ya gofu lile hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama. Palikuwa na bati tu, bati lililopondeka.