Orpha na Maji ya Moto

Kila Jumamosi asubuhi Papa Gustave akitoka lindoni hapitii kitandani. Hufika nyumbani mtaani Rosettenville, hunywa chai ya kusimama, kisha hubeba gongo la kuchezea na mfuko wa binti yake Orpha, wakaelekea uwanja wa barafu. Orpha, mwenye miaka kumi na mitatu, ni mlinzi katika timu ya mpira wa magongo wa barafuni. Washambuliaji wakimjia mbio, yeye huteleza kinyumenyume akiwatazama usoni, na mara nyingi wanaoanguka ni wao. Ndoto yake ni kucheza ng'ambo kwa kulipwa.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mchujo. Kocha Mahmoud, mtu wa Tanga aliyekulia Fordsburg, mtaa wa jiji hilohilo, alikuwa akitafuta walinzi wawili wa kwenda kambi ya vijana Kanada, ambako vilabu vikubwa huja kuchagua wachezaji.

Lakini Orpha alikuwa na siri. Alhamisi, mazoezini, kile kisahani kigumu cha mpira wanachokipiga kilimgonga mguu. Alinyamaza, akiogopa kuachwa. Nyumbani akakumbuka jinsi bibi yake kule Bukavu alivyowakanda watu kwa maji ya moto na chumvi. Akajifungia bafuni, akajikanda usiku huo na kesho yake, kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria. Mguu ukaumuka kama andazi.

Sasa kiatu kiligoma kuingia. Alisukuma, akavuta, akauma meno, kikaingia kwa shida huku machozi yakimlenga. Nusaiba, mlinzi mwenzake, alikuwa akifunga kamba zake kando.

"Leo nitapanda mbele kushambulia," Nusaiba alisema. "Siogopi, najua wewe uko nyuma."

Maneno hayo yalimchoma Orpha kuliko mguu. Nyuma kungekuwa na nani, naye hawezi hata kugeuka? Alichechemea hadi kwa kocha.

"Kocha, nimeumia mguu tangu Alhamisi. Nilificha."

Kocha Mahmoud alimvua kiatu, akaguna. "Umeufanyia nini huu?"

"Nimeukanda kwa maji ya moto."

"Eish! Barafu yote hii chini yako, wewe unakwenda kuchemsha maji! Mguu ukigongwa, uwekee barafu iliyofungwa kitambaa, kisha umwone daktari. Moto huzidisha uvimbe."

Papa Gustave alikuja mbio, usingizi wote umemruka. "Orpha, juu ya nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Papa. Unakosa usingizi kila Jumamosi kwa sababu ya mchezo huu."

"Mutoto wangu, minakosa usingizi juu yako, si juu ya barafu."

Kliniki walimpiga picha ya mguu. Mfupa ulikuwa mzima. Ni nyama tu zilizovimba. Papa Gustave alishusha pumzi, akacheka peke yake kwenye korido mpaka muuguzi akamtazama.

Kocha alikubali kumpima Orpha akishapona. Wiki chache baadaye alicheza, hakupitwa hata mara moja, na jina lake likasomwa pamoja na la Nusaiba. Walikumbatiana nusura waanguke.

Kocha Mahmoud akawaita wachezaji wote. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Orpha angenyamaza, angeuharibu mguu wake na kumponza mwenzake. Walinzi wenye mbio ninao wengi. Ninayempeleka mbali ni yule anayeniambia kweli, hata kama kweli hiyo inaweza kumkosesha nafasi."