Papa Alikuwa Muzima, Minye Nikamutoshea Mukanda ya Lufu

Niko na miaka kumi na tisa. Nakaa na mama yangu mu commune ya Kikula, hapa Likasi. Kila mangaribi minye njo napika bukari, ile ugali yetu. Musizanie ni juu niko mutoto muzuri... Ni juu mukono ya kuume ya mama haishike tena mwiko. Bidole yake haifungame. Na ile mukono, minye njo nilifanya baivunje. Sikumupiga. Nilinyamaza tu!

Mwaka nilipata diplome d'État, ya kumaliza secondaire, nilikuwa na miaka kumi na saba. Tantine Mado, mudogo wa mama, anakaa Bulaya. Akapiga telefone: "Ngalula, tengenesha mikanda yako, makaratasi yote, uombe visa ya long séjour, ya kukaa murefu, utasomea huku kwangu." Furaha gani! Usingizi ikanikimbia.

Nikaandika mu kaye yangu, daftari ya masomo, mikanda yote ya kutafuta: acte de naissance ya kuzaliwa, diplome, casier judiciaire ya kuonyesha sina kosa ku tribinali, cheti ya munganga. Kila moya ilipashwa kupata kashe, muhuri ya serikali, hapa, kisha Lubumbashi, kisha Kinshasa. Nilikuwa nafuata foleni tangu asubui, sikule, sikunywe. Kila kashe nilikuwa naiona kama mulango moya inafunguka.

Lakini mukanda moya ikanishinda. Ruhusa ya bazazi! Juu sikukuwa natimiza miaka kumi na munane, papa na mama bote babili balipashwa kutia sinyatire, sahihi yabo. Na papa akakatala.

Papa yangu ni Muluba wa Kasai, alitumikaka miaka mingi ku usine, kiwanda. Siku usine ilimufukuza kazi, Tantine alimusemeaka mbele ya batu, ku matanga: "Bwana gani huyu, anashindwa kulisha mutoto yake?" Papa hakusahabu. Akaniambia, macho mukali:

"Mutoto yangu hatakula ku meza ya ule mwanamuke. Siku nitakufa, muende fasi munapenda!"

Mama akanifariji. Akasema nivumilie, ni miezi munane tu. Nikitimiza kumi na munane, hakuna mwenye kuniomba tena ruhusa ya papa... Miezi munane! Minye niliona ni kama miaka munane. Masomo ianze bila minye? Tantine achoke kuningojea? Nililia, nikatupa sahani, nikamuambia mama kama hanipende. Mama yangu, mwenye kunipenda kupita batu yote!

Kulikuwa kijana moya, Trésor, alikuwa anatembea na farde ya makaratasi nje ya babureau ya serikali, anasaidia batu kupata mikanda mbio. Nikamuelezea yote. Akacheka.

"Ah, petite, papa yako mwenyewe alisema, siku atakufa utaenda. Basi tumuue mu karatasi! Mujane anatia sinyatire yeye peke yake, hakuna mwenye kumuuliza bwana."

Na minye nikacheka... Munaona ule ujinga?

Kwetu, kusema muntu muzima alikufa, ni kumuitia lufu, kifo yenyewe. Nilijua! Nilikuwa nasikia ile tangu butoto. Lakini kichwa yangu ilikuwa tayari mu ndege.

Nyuma ya siku ine, Trésor akaleta acte de décès, mukanda ya lufu. Iliandikwa Kabeya, papa yangu, alikufa na malaria. Mwenye kutangaza lufu: bibi yake, Mbuyi. Ilibakia paka sinyatire yake tu.

Mama hakusoma. Alijifunzaka kuandika jina yake tu, juu ya babulletin yangu ya masomo. Herufi kubwa-kubwa, na B yenye kulala kidogo. Ile mukono ya kuandika nilikuwa naifahamu tangu niko primaire. Nikafanya mazoezi mu kaye, page mbili nzima, mpaka B yangu ikalala kama ya mama. Kisha nikaandika fasi mbili: ku mukanda ya lufu, na ku mukanda ya ruhusa.

Mama nilimudanganya. Nilisema ambassade, ubalozi, haiombe tena mukanda ya papa. Akafurahi, akaniwekea mukono ku kichwa, akaniombea. Ile mukono...

Dossier ikaenda. Minye nilizania kashe inatosha. Sikujua ambassade inaweza kutuma muntu mpaka ku nyumba ya batu, kuhakikisha kama mikanda ni ya kweli!

Siku moya saa ine ya asubui, mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, minye nachambua muchele. Papa alikuwa ku mulango ya parcelle, kiwanja yetu, ananyoa ndevu, sabuni ku mashavu. Avoka moya, mwanasheria mwenye ambassade ilituma, akafika, chemise ya mweupe, farde mu kwapa.

"Bonjour, papa. Natafuta nyumba ya marehemu Kabeya."

"Marehemu? Alikufa na nini?"

"Na malaria, njo mukanda inasema."

Papa akacheka, mpaka sabuni ikaruka. "Na balimuzika muzuri?"

"Ile njo nakuya kuuliza. Weye ni nani, papa?"

"Minye njo marehemu."

Avoka hakucheka. Akatosha karatasi, akamuonyesha. Papa akasoma jina yake, jina ya baba yake, tarehe ya kuzaliwa kwake. Macho yake ikashuka chini, ku sinyatire. Nikaona shingo yake inavimba. Avoka akaandika mistari mbili mu kaye yake, akasema pole, akaenda. Visa yangu ilikufia pale, mbele ya sombe.

Papa akafunga mulango na kadenas, kufuli kubwa. Sikulalamika, sikukimbia.

Akamupiga mama kofi moya, mama akaanguka juu ya kinu. Akamupiga tena, na ngumi, damu ikatoka mu kinywa. "Unanizika? Minye mwenye kukuoa, unanizika muzima?" Mama alikuwa anauliza paka: nini? Nini nimefanya? Papa akamutupia karatasi mu uso.

Mama akaiokota. Hakujua kusoma ile maneno. Lakini jina yake aliijua. Akaangalia ile B yenye kulala. Kisha akainua macho, akaniangalia minye.

Alijua! Siku hiyo nilijua alijua.

Papa akashika muti ya kinu, ile mama alikuwa anatwangia. "Mukono gani ilitia sinyatire? Sema! Mukono gani?"

Ingetosha neno moya, "Ni minye, papa." Kinywa yangu ilifunguka, sauti haikutoka... Mama akapangusa damu, akanyoosha mukono yake ya kuume, akaiweka juu ya kinu.

"Ni huu," akasema.

Muti ikashuka mara mbili. Nilisikia mufupa. Mpaka leo, kila mara navunja lukuni, naisikia. Mama alilia sauti moya tu, akiniangalia paka minye.

Bajirani bakabomoa mulango, bakamubeba mama ku lopitali. Kule akasema alianguka. Papa naye akasikia nani alitengenesha ile mukanda, akatoka na munyororo ya kinga yake, baiskeli, akamukuta Trésor nje ya babureau, akamupiga na ile mpaka taya ikavunjika, jicho moya ikatoka. Polisi bakamukamata. Anafungwa mpaka leo, juu ya jicho ya Trésor. Juu ya mukono ya mama, hakuna mwenye kumushitaki. Batoto ba mu avenue yetu bananiita "mutoto wa marehemu". Tantine hapokee tena telefone yangu.

Siku nilitimiza miaka kumi na munane, mukono ya mama ilikuwa tena mu lopitali, banaivunja upya juu mufupa ilishikana mubaya. Miezi munane ilipita mbio kabisa, bandugu... Mbio kuliko foleni!

Weye mwenye kusoma, mwenye kutengenesha mikanda sasa hivi: kama mukanda moya inakosa, ngoja. Kama muzazi anakatala, lia, omba, ngoja tena. Usitie sinyatire ya muntu mwingine. Na kama ulitia, useme siku ile ile, mbele ya muti kushuka!

Kila dimanche, siku ya Mungu, minye napelekea papa bukari ku boloko, kule anafungwa. Mama njo ananituma. Papa anakula, anauliza: "Ule mwanamuke mwenye kunizika, iko muzima?" Minye nainama, nakusanya masahani.

Dimanche hii sitainama. Nitamungojea amalize kula, nitaweka mukono yangu ya kuume juu ya meza, mbele yake, na nitasema neno ya mama:

"Papa, ni huu."