Nyuzi Thelathini na Moja

Siku zile Jumamosi zilikuwa na utaratibu ambao hata mvua haikuthubutu kuuvunja. Mtoto aliyeitwa Kiherehere alikuwa akiosha vyombo, akifagia ua pale tu panapoonekana na wageni, kisha akikimbilia chumba cha nyuma alikofanyia kazi shangazi yake.

Chumba hicho kilinuka vumbi la kaseti. Watu walimletea shangazi kanda zilizochakaa, naye akazihamishia sauti zake kwenye kompyuta na kuziondolea mikwaruzo. Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama sanduku la nguo, na ilipozwa kwa maji. Pampu iliyasukuma maji hadi kwenye prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Hapo yalibeba joto, yakalipeleka kwenye rejeta kama ya gari, ila ndogo, na feni zikayapoza. Ukitega sikio ulisikia kama mtu anakunywa maji kwa adabu.

Jumamosi moja shangazi alimkabidhi bisibisi kwa heshima zote, kama anayemkabidhi ufunguo wa mji.

"Vidole vyangu vimenenepa, mwanangu. Leo fundi ni wewe. Vipimajoto ni viwili. Cha kwanza kifunge kwenye mpira unaotoka kwenye rejeta, maji yakiwa yamepoa. Cha pili kwenye mpira unaotoka kwenye prosesa, yakiwa ya moto. Hicho cha pili ndicho kinachoziamuru feni. Kikisema joto, zinakimbia. Kikisema baridi, zinalala. Umenielewa?"

"Kama ninavyolielewa jina langu, shangazi."

Cha kwanza kilimchukua dakika moja. Cha pili kilikuwa nyuma ya bamba la chuma lenye skrubu sita. Alikuwa amefungua mbili tu aliposikia wenzake wakiruka kamba nje.

"Kiherehere! Zamu yako ikipita, haturudishi!"

Akaziangalia skrubu nne zilizobaki. Nazo zikamwangalia. Basi akakifunga kipimajoto cha pili palepale kwenye rejeta, bega kwa bega na cha kwanza, kama wanafunzi wawili wanaonakiliana mtihani. Akarudisha zile skrubu mbili, akafuta mikono.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza kutoka ukumbini.

"Nimemaliza."

"Na cha pili umekifikisha kwenye prosesa?"

"Ndiyo, shangazi."

Siku hiyo aliruka kamba vizuri kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kanda ya babu. Marehemu babu alikuwa mpimaji wa hali ya hewa, na alikuwa na mazoea ya kusoma vipimo vyake kwa sauti mbele ya kinasa sauti. Kanda zake zote ziliharibika isipokuwa moja. Jirani yao, fundi redio, aliileta pamoja na mashine ya kuichezea.

"Utepe unapukutika," alionya. "Utapita mara moja tu. Kompyuta ikizimika kabla ya kuhifadhi, mzee atakuwa amekufa mara ya pili, na mimi nisilaumiwe."

Shangazi akaipa kompyuta kazi ya kunasa kanda hiyo, huku ikiendelea kusafisha kanda nyingine tano. Akabonyeza kitufe. Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti nzito, isiyo na haraka:

"Saa tatu asubuhi. Nyuzi ishirini na nne. Mawingu machache, ya kivivu."

Shangazi alifumba macho. Miaka minane alikuwa hajaisikia sauti ya baba yake.

Fundi redio alikodolea macho kioo cha kompyuta. "Hii ajabu. Maji yanatoka kwenye prosesa nyuzi thelathini na moja, yanatoka kwenye rejeta thelathini na moja. Yamepita kwenye tanuri bila kutoa jasho?"

"Kompyuta ya watu wenye heshima hiyo," shangazi alijibu bila kufumbua macho.

Lakini feni zilikuwa zimelala fofofo. Kiherehere alinyoosha kidole, akaugusa mpira unaotoka kwenye prosesa. Ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi. Akisema, ataitwa mwongo mbele ya jirani. Akinyamaza, kompyuta itajizima ili isiungue, na sauti ya babu itakwenda nayo.

*Labda itavumilia,* moyo ulimnong'oneza.

"Saa sita mchana," babu akasema.

"Shangazi, simamisha kanda! Hifadhi! Hifadhi sasa hivi!"

Shangazi alisimamisha, akahifadhi, akazima kila kitu.

"Kipimajoto cha pili kiko kwenye rejeta," Kiherehere alisema. "Sikukifikisha. Nilikudanganya, shangazi. Nilikuwa nataka kuruka kamba."

Fundi redio alikohoa, ghafla akaanza kuichunguza dari kama mnunuzi wa nyumba.

Shangazi hakugomba. Aliwasha tochi, akamnyooshea bisibisi. "Skrubu sita."

Kiherehere alizifungua zote sita. Alikifunga kipimajoto mahali pake, akakivuta kuhakikisha kimeshika, akarudisha bamba. Kompyuta ilipowashwa na kazi kuanza, kioo kilionyesha arubaini na mbili kwa thelathini na tatu. Feni zikaamka zikinguruma kama zilizochelewa darasani. Shangazi akaendeleza kanda pale ilipoishia.

"Nyuzi ishirini na tisa. Saa tisa alasiri..." Babu alikohoa. "Saa tisa sikupima. Nilikuwa namkimbiza mjukuu wangu, amepanda juu ya meza ya vipimo. Wee! Kiherehere, shuka hapo! Naandika hivyo hivyo: sikupima."

Nyuma yake mtoto mdogo alisikika akicheka mpaka kwikwi. Hadi siku hiyo Kiherehere hakuwa akijua nani alimpa jina lile.

Shangazi alifuta macho kwa kiganja.

"Umemsikia? Angeweza kutaja namba yoyote, nani angejua? Lakini alisema hakupima. Mwanangu, kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya, itakusubiri. Ukisema imefanyika, kuna mtu ataiegemea, na huyo ndiye atakayeanguka."

"Nimekusikia, shangazi."

Kompyuta ile ilistaafu zamani, na chumba kile sasa ni stoo. Sauti ya babu bado ipo. Kiherehere, mtu mzima mwenye funguo zake mwenyewe, huisikiliza kila mwaka, na ikifika saa tisa alasiri huondoa viwiko vyake mezani.