Kode Ambayo Bruno Hakumpa

"Dada! Dada wa kikwembe cha manjano! Simama kwanza!"

Pélagie hakusimama. Siku ya soko kubwa Kasongo, vikwembe vya manjano havihesabiki, na mwanamke anayegeuka kila anapoitwa hafiki anakokwenda. Alipita kati ya mafungu ya majani ya sombe na vidumu vya mawese, makaratasi aliyotoka kuchapisha kwapani, akiruka madimbwi ili viatu vyake vyeupe visichafuke. Nyuma yake mtu alikuwa anakimbia. Alimsikia akimwomba radhi mama mmoja aliyemkanyagia mihogo yake, kisha mkono ukamgusa bega.

Alikuwa kijana mrefu, shati lake la buluu limepigwa pasi vizuri lakini limelowa jasho kifuani.

"Umetoka kule kwenye sekretaria, kutoa kartasi kwenye mashini?"

"Ndiyo. Nimesahau kitu?"

"Umesahau mulango wazi."

"Mulango gani?"

"Konti yako ya Facebook. Umeiacha wazi kwenye mashini ya watu wote. Mutu mwenye angekaa nyuma yako, leo angekuwa Pélagie mupaka achoke."

Pélagie aliona uso unamwaka. "Na weye ndiye ulikaa nyuma yangu."

"Ni mimi. Nimeifunga."

"Mbele ya kuifunga ulisoma nini?"

"Jina tu."

"Muongo!"

"Jina na ile picha ya juu. Uko umevaa kikwembe hiki hiki. Bila hiyo ningekupata namna gani kwenye soko hii?"

Pélagie akacheka, na kicheko kile kikamfanya kijana amkazie macho. "Ngoja. Hiyo sauti naijua. Ni weye unasomaka matangazo kwenye radio!"

Ndivyo walivyojuana, Pélagie mtangazaji na Bruno mtu wa Uvira, aliyekuja Maniema kwa kazi ya shirika moja dogo. Kazi gani hasa, Bruno hakupenda kuieleza. Alisema anazungukia vijiji vya Kabambare, kule Lusangi na Wamaza, anasikiliza watu wa mashamba na wa machimbo ya dhahabu. Pélagie hakuchimba zaidi. Alipenda jinsi alivyokula wali na samaki kwa mkono bila aibu, jinsi alivyonyoosha kola yake kila alipokaribia mlango wa mama yake, na jinsi alivyomsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi.

Akiwa mbali alipiga simu popote alipopata kilima chenye mtandao.

"Pélé, leo asubuhi umesoma tangazo la mbuzi mwenye alipotea. Umelisoma na uchungu sana. Ningekuwa ni huyo mbuzi ningerudi."

"Basi rudi weye."

"Narudi, cheri. Pikipiki ndiyo inakataa matope."

Aliporudi alimfundisha kufunga konti zake, maana mambo ya sekretaria hayakumtoka kichwani. Walikaa barazani mchana, simu ya Pélagie katikati yao. Kode, lile neno la siri, isiwe siku uliyozaliwa. Kode ya konti moja isifungue nyingine. Weka na kode ya pili, ile inayokuja kwenye simu yako mwenyewe. Na usimpe mtu.

"Hata weye?"

"Hata mimi."

"Hata bwana yangu wa ndoa?"

"Hata bwana yako wa ndoa."

"Yesu wangu! Basi nitaolewa na kode."

"Hapana," Bruno akasema, na safari hii hakucheka. "Utaolewa na mimi. Mvua zikipungua nitakuja na wakubwa wangu, tujitambulishe kwa baba zako wadogo."

Mama yake Pélagie, aliyekuwa anachambua mchele nyuma ya pazia, aliacha kuchambua. Wiki ile hakuna mtu kwenye ukoo ambaye hakupata habari.

Kabla ya safari iliyofuata Bruno alimletea mfuko mweusi. Ndani mlikuwa na kompyuta yake. "Njia ya Lusangi imekuwa mbaya. Kwenye vizuizi wanafungua mifuko ya watu. Nikuachie mashini, cheri. Uiweke mbali na macho."

"Na kode?"

"Kode inabaki na mimi."

Alisema kwa upole, lakini neno lile lilimkaa Pélagie kooni kama mwiba wa samaki. Mtu anakuposa, anakuachia mfuko wake, halafu anaufunga mbele ya macho yako. Aliuweka chini ya kitanda, akaondoka kwenda kazini bila kumwambia kwamba ameumia.

Kisha simu zikaanza kuchelewa. Siku moja ya Jumapili, akitoka kanisani, Pélagie alipiga mwenyewe. Simu ikapokelewa na mwanamke, sauti changa, laini.

"Bruno iko anaoga. Nani anasema?"

Pélagie alikata. Alisimama pale uani mwa kanisa amevaa libaya yake mpya, watu wakimsalimia, asijue anawajibu nini. Bruno alipopiga jioni alisema yuko Wamaza, kwa familia inayompokea, na yule ni dada wa pale. Anaitwa Rachelle.

"Dada mwenye anashika telefone yako?"

"Ilikuwa inachajiwa kwake, Pélé. Niamini."

"Nikuamini ju ya nini? Weye hauniamini hata na mashini!"

"Vitu vya ile mashini si vyangu," Bruno akasema. "Kama vingekuwa vyangu, ningekupa vyote."

Pélagie angetulia hapo, labda mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini kesho yake alimwagia yote Arlette, mwenzake wa radio, na Arlette hakuwa mtu wa kutuliza mwenzake.

"Mwanaume mwenye hana kitu cha kuficha hafungi kitu," Arlette alisema huku anapaka rangi kucha. "Peleka hiyo mashini kwa Alain wa kando ya soko. Anafunguaka kila kitu. Ujue mbele ya kuolewa, si nyuma yake."

Kibanda cha Alain kilikuwa na pano ya umeme wa jua juu ya bati na simu zilizopasuliwa mezani. Alimpokea Pélagie kwa heshima, akamwita mama wa radio, akamwambia apite tena baada ya wali wa mchana. Aliporudi, kompyuta ilikuwa wazi.

"Ilikuwa nyepesi sana," Alain akasema huku anatafuna hindi la kuchoma. "Kode yake ni ya mulango tu. Ndani hakufunga kitu. Mutu mwenye anajua kazi anapitia dirisha."

Nyumbani Pélagie alijifungia chumbani. Alitafuta picha za mwanamke, hakuziona. Aliona sauti zilizorekodiwa, nyingi, zimepangwa kwa majina ya vijiji. Akafungua ya Wamaza. Sauti ile ile changa na laini ikajaza chumba: ndiye!

"Kaka Bruno, nikisema hii, itabaki kwako?"

"Itabaki kwangu, Rachelle."

Halafu Rachelle akaanza kusema. Alisema jinsi watu wenye silaha walivyokuja kuchukua wanaume kwenda kuchimba, jinsi bwana yake alivyotolewa shambani na jembe mkononi, jinsi alivyomfuata mpaka chimboni na mtoto mgongoni, na walichomfanyia pale. Alitaja jina la mkubwa wao. Alilitaja mara mbili, la pili akiwa analia. Sauti ya Bruno haikusikika tena ila mwishoni, akimwambia anywe maji.

Pélagie aliizima. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akatamani ardhi immeze. Baadaye aliirudisha kompyuta kwenye mfuko, akaapa kwamba siku Bruno atakayorudi atamwambia yote kabla hajavua viatu. Hakujua kwamba Alain, kila alipofungua mashini ya mtu, alikuwa na desturi ya kujichotea nyimbo na filamu kwenye kle yake ya USB. Aliona sauti nyingi, akadhani ni muziki. Alipogundua si muziki, aliwasikilizisha rafiki zake wawili, kwa mshangao tu. Rafiki nao wana simu.

Haikupita wiki. Pélagie alikuwa anajiandaa kusoma matangazo ya mchana, Arlette akaingia studio na simu sikioni.

"Sikiliza hii. Iko inatembea kwenye matelefone yote. Mwanamuke wa kule Kabambare, maskini, anataja mutu kwa jina bila woga."

"Kaka Bruno, nikisema hii, itabaki kwako?"

Matangazo ya mchana hayakusomwa siku ile. Pélagie alipiga simu akiwa anatembea, akiwa anakimbia, akiwa amesimama katikati ya barabara na pikipiki zinampigia honi. Haipatikani. Haipatikani. Ilipopatikana alisema bila salamu:

"Bruno, toa Rachelle Wamaza. Sasa hivi. Sauti yake iko inje."

"Sauti gani?"

"Ya kwenye mashini."

Alisikia upepo wa kilima kule alikokuwa, na pumzi yake.

"Ulifungua," Bruno akasema.

"Nilifungulisha. Nilifikiri... Bruno, nilifikiri ni bibi yako. Nenda, nakuomba, utanitukana baadaye."

Hakumtukana. Alikata, akapanda pikipiki. Lakini alikuwa Lusangi, na matope ya njia ile hayajali haraka ya mtu. Simu ya Rachelle ilikuwa imezimika. Alipofika Wamaza, watu wenye silaha walikuwa wamekwisha kuja na kuondoka, na nyumba ilikuwa inatoa moshi tu. Watoto walikuwa kwa jirani. Rachelle walimkuta kwenye migomba, hai.

Walimfunga mgongoni mwa dereva wa pikipiki kwa vitenge, Bruno akifuata nyuma, mpaka Kasongo. Pélagie aliwakuta hospitali. Bruno alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, shati lina majivu, macho hayamtazami mtu. Pélagie hakuthubutu kumgusa. Alipita, akaingia ndani.

Bandeji zilikuwa zimefunika karibu mwili wote wa Rachelle ulioungua. Muuguzi aliuliza, "Weye ni ndugu yake?" Pélagie akajibu, "Hapana. Nimekuja tu kumuona." Ndipo Rachelle akafumbua macho.

"Ni ule wa radio," alisema, sauti ile ile, sasa nyembamba kama uzi. "Tunakusikiaka shambani. Bwana yangu alikuwa anasema unasoma kama mutu mwenye anahurumia watu."

Pélagie alipiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kusema, ni mimi. Alifungua mdomo, na yeye ambaye maneno ndiyo yaliyomlisha hakupata hata moja. Rachelle alidhani analia kwa huruma. Akamwambia asilie sana.

Alikufa kesho yake kabla ya jua kuwa kali. Ndugu zake walikataa tangazo la kifo kusomwa radioni, kwa ajili ya watoto waliobaki. Walimzika haraka, watu wachache, bila wimbo mkubwa.

Bruno alikuja kuaga siku chache baadaye. Mama yake Pélagie aliweka viti barazani, akaondoka bila kuuliza habari za wakubwa wa Uvira. Shirika lilikuwa limemwita aondoke. Kwenye ile sauti jina lake lilisikika pia, na wale wenye silaha wangeweza kumtafuta. Alikuwa amekonda. Kola ilikuwa imepinda na hakuinyoosha.

"Niseme nini?" Pélagie akamwuliza.

"Kule kazini walinionya nifunge zile sauti zenyewe, si mulango tu. Kila juma nilisema nitafanya. Nilikuwa nashinda kwenye telefone na weye, nacheka." Alifuta uso. "Nimekusamehe, Pélé. Nilikusamehe kwenye njia, mbele ya kufika. Ila nikikutazama nasikia anauliza kama itabaki kwangu."

"Unanipenda bado?"

"Ndiyo. Haisaidie kitu, lakini ndiyo."

Walitembea pamoja mpaka wanakosimama wenye pikipiki. Alimshika mkono njiani, mbele ya watu, kama wachumba. Dereva alifunga mizigo. Bruno akatoa simu mpya, ndogo, ya bei nyepesi, akaanza kufungua.

"Nikuandikie namba. Hakuna mutu mwingine anayo."

Pélagie akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Usinipe."

"Pélé..."

"Najijua. Siku moja roho itanishinda, nitapiga, na mutu ataona nani napigia. Usinipe namba. Usiniambie unaenda wapi."

Bruno alimsikiliza mpaka mwisho wa sentensi, kama alivyozoea. Akairudisha simu mfukoni. Akamshika kichwa, akaweka paji la uso wake kwenye lake, mbele ya madereva. Kisha akapanda.

Mbele kidogo barabara inagawanyika njia mbili. Pikipiki ilipowaka, Pélagie aliipa mgongo, akageukia ukuta wa duka lililofungwa, mikono masikioni, ili asijue imeshika njia ipi. Alisimama hivyo muda mrefu. Wanawake wanaouza ndizi pale karibu waliambiana kwa sauti ya chini kwamba yule dada wa radio amegombana na mchumba wake, hata kumtazama akienda hataki.