Kaseti Isiyo na Vijino

Alasiri moja, Chiriku alipokuwa akimsimulia mama yake mambo ya shule, kishale cha seti ya muziki sebuleni kilicheza. Seti ilikuwa imezimwa. Waya wake ulikuwa umekunjwa juu ya kabati, na baba yake, fundi wa redio, alijua hivyo kwa sababu ni yeye aliyeukunja asubuhi. Ndani ya kile kidirisha cha kioo kinachopima sauti, kishale kilipanda mtoto aliposema, kikashuka alipotulia kumeza mate, kikapanda tena.

"Ni joto," fundi alijiambia. Mafundi wa redio wana majibu mawili kwa kila tatizo. La kwanza ni joto, la pili ni kwamba spea hazipatikani siku hizi.

Chiriku alikuwa binti yake wa pekee, wa miaka saba, na jina hilo la utani alilipata kwa haki. Alizungumza na kuku, na ndoo, na viatu vyake. Kimya kilipoingia ndani ya nyumba ile, mama yake aliacha kazi akaenda kutazama kuna nini.

Seti yenyewe ilikuwa ya kukutia wivu. Spika mbili za mbao zilizofika kiunoni, amplifaya yenye taa ya rangi ya asali, sahani ya santuri juu, na chini yake sehemu ya kaseti yenye vitufe vizito vinavyolia "chak!" ukivibonyeza. Baba yake fundi aliwahi kuwa na ya namna hiyo. Watoto walinawa mikono kabla ya kuikaribia, na baba alipulizia vumbi kwenye santuri taratibu, nyumba nzima ikabana pumzi kungoja wimbo uanze. Kisha shida ikaja, seti ikauzwa, na tangu hapo fundi alizitengeneza za wenzake kama mtu anayebembeleza watoto wa jirani. Siku hizi vijana waliochoka na muziki wa simu walimletea za babu zao, naye aliwarudishia zikiimba, huku moyo ukimuuma kila iliyotoka mlangoni.

Hii haikutoka. Na hapa tuseme ukweli ambao yeye hakuusema.

Seti ilikuwa ya Mwalimu, mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe. Aliileta kwa mkokoteni, akaishusha mwenyewe.

"Kaseti imekwama ndani, Fundi," alisema. "Nakuomba sana, hiyo ni ya mama watoto. Alijirekodi siku moja kwa utani, akiniita mezani. 'Mzee wa chaki, chakula kinapoa! Mpaka nipige kengele?'" Akacheka, akajifuta macho. "Sina sauti yake nyingine."

Fundi alibadilisha mkanda wa mashine uliokatika, akaitoa kaseti salama. Ikabaki kujaribu kama mashine inarekodi. Kaseti zake za majaribio zilikuwa kwenye boksi rafuni, hatua tatu tu, lakini uvivu hauna mguu. Hii ya Mwalimu ilikuwa mkononi. Mgongoni ilikuwa imevunjwa vile vijino viwili vya plastiki, na kila fundi anajua maana yake: mwenyewe amevunja ili mtu asirekodi juu yake. Kila fundi anajua pia hila yake. Unakunja kipande cha karatasi, unaziba tundu, mashine inadanganyika. Mkono wake ulifanya hivyo kwa mazoea, kichwa kikiwa kwa baba yake na santuri zake. Akabonyeza vitufe viwili. "Moja, mbili, tatu. Jaribio." Akaacha utepe uende, akanywa chai yake, akipiga mluzi nyimbo za utotoni.

Chai ilipokwisha ndipo alipokumbuka.

Mwalimu aliporudi, fundi alimwambia, "Samahani, Mwalimu. Mashine imeila." Akamkabidhi furushi la utepe uliosokotana, alilolichomoa kwenye kaseti kuukuu ya matangazo ya mpira; ile ya kweli aliiacha ndani ya seti. Mzee alilipokea kwa viganja viwili, kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Basi seti baki nayo," alisema. "Mimi nitasikiliza nini?"

Neno la kusema lilikuwepo. Fundi akasema, "Asante."

Wiki moja baada ya kishale kucheza, sauti ya Chiriku ilianza kukwaruza. Daktari alimulika koo, akasema ni safi kabisa, mtoto apumzishwe maneno. Mama yake alicheka kwa uchungu. Utampumzishaje samaki na maji? Lakini maneno yalipungua yenyewe. Kuku wakakosa wa kuwasalimu.

Ikafika siku ambayo fundi alirudi nyumbani saa saba mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima umelala ndani, akakuta harufu ya vitunguu vinavyokaangwa wakati jiko limepoa na mkewe yuko kisimani, na harufu ile ilitoka sebuleni, ikichanganyika na ile ya vumbi linaloungua juu ya seti iliyopata moto, naye akasogea akiburuza miguu, akijiambia ni joto, ni joto tu, mpaka aliposikia "chak!" na kuona kwa macho yake vitufe viwili vimezama na magurudumu ya kaseti yakizunguka polepole, waya bado umekunjwa juu ya kabati, na Chiriku ameketi sakafuni mbele ya spika, mdomo ukienda, ukienda, wala hakuna kinachotoka.

Alimrukia mtoto akamtoa. Kisha akachomeka waya, akarudisha utepe nyuma na kuusikiliza. Moja, mbili, tatu, jaribio. Mluzi wake. Na baada ya mluzi, Chiriku: hadithi za shule, ugomvi wake na ndoo, kicheko chake, neno kwa neno, vyote walivyokuwa wakivikosa.

Mkewe alimkuta amekaa chini.

"Baba Chiriku, umefanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi ninalia, na wewe unaona aibu."

Mganga aliyeitwa alikuwa mshonaji wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye futi ya kitambaa shingoni na pini kwenye ukosi. Hakuja na ngoma. Aliketi mbele ya seti, akaweka kiganja juu ya spika kama anayepima homa.

"Kuna jini humu," alinong'ona. "Hukaa kwenye vitu vikuukuu vinavyopendwa. Mara nyingi hasumbui mtu, hula vumbi na kusikiliza. Nani amempa sauti ya mtu?"

Fundi alitazama miguu yake. Kisha akasema yote, na mkewe akaenda kusimama dirishani akampa mgongo.

"Sauti haifutwi, kaka yangu," mganga alisema. "Inafukuzwa tu. Ikikosa nyumba inatafuta mdomo. Mdomo wa mwanao jini ameshausafisha, anangoja kupangisha. Dawa yake ni moja. Nenda kwa mwenye sauti, umwambie ukweli wote, kwa kinywa chako. Na usikawie, maana kinywa chako nacho anakiona."

Akatoa kaseti ya Mwalimu kwenye mashine, akaitia mfukoni mwa fundi.

Jioni hiyohiyo alikwenda. Mwalimu alimkaribisha kwa furaha. Meza yake yote ilikuwa imetandazwa utepe. Miezi yote hiyo mzee alikuwa akilifumua lile furushi, akiunyoosha utepe kidogo kidogo kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto, na kuuzungusha kwenye penseli.

"Nimebakiza kama hatua mbili za utepe," alisema, akionyesha vidole vyenye malengelenge. "Nisamehe, nilikata tamaa mapema. Nilikuachia seti yangu kama mtu aliyesusa."

Fundi alifungua mdomo. Akaona vile vidole. "Nilipita tu kukujulia hali, Mwalimu," alisema. Njiani alilia, na kulia hakukumsaidia mtu.

Kesho yake mchana, mkewe akiwa amekwenda kumwita tena mshonaji, mlango ulibishwa. Mwalimu alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi, na mkononi ana leso na penseli iliyozungushiwa utepe.

"Nimemaliza, Fundi. Tumsikie."

Angeweza kusema hapo hapo mlangoni. Badala yake mikono yake, mikono ile ile yenye mazoea, ilichukua kaseti tupu, ikaufunga ule utepe ndani yake, ikaitumbukiza kwenye mashine na kubonyeza. Taa ya rangi ya asali ikawaka. Mwalimu aliketi, akafumba macho, akaweka mikono magotini kama mwanafunzi. Spika zikatoa mvumo mkavu, na ndani yake, kwa mbali, kelele za uwanja wa mpira.

Sasa, fundi alijiambia. Sasa hivi, kabla mtangazaji hajasema. Aliishika kaseti yenye sauti ya mwanawe mfukoni, akavuta pumzi.

Harufu ya vitunguu ikajaa chumbani.

"Mzee wa chaki!" sauti ya mwanamke mtu mzima iliita, nzito, yenye kicheko ndani yake. "Chakula kinapoa! Mpaka nipige kengele?"

"Ni yeye," Mwalimu alisema, machozi yakimshuka, macho bado yamefumba. "Mungu wangu, ni yeye."

Sauti haikutoka kwenye spika. Fundi aligeuka. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono ikining'inia, mdomo wazi kupita mdomo wa mtoto unavyofunguka, na shingo yake ndogo ikipanda na kushuka kwa maneno ya marehemu.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyefuta!" fundi alipiga kelele. "Huo si utepe wake!" Alisema yote, mwanzo hadi mwisho, hakubakiza hata neno. Kwenye kidirisha kishale kikaruka mpaka mwisho, kikaganda hapo, na chumbani hapakusikika hata neno lake moja. Akajishika koo. Akasema tena. Kishale kikatikisika.

Mwalimu alijipangusa uso kwa leso, hakufumbua macho.

"Rudisha nyuma, Fundi," alisema kwa upole. "Nisikie tena."

Mlangoni mtoto alifunga mdomo, akatulia, akangoja kitufe.